Safu ya Tisa

Nyuzi ishirini chini ya sufuri, na gereji haina jiko.
Rangi ya kopo haishiki kwenye chuma kilichoganda,
inajikunja, inachuruzika kama uji uliokosa unga.
Ndiyo maana Ilmo wangu, dereva wa basi,
amelibeba kasha la kompyuta kwa mikono miwili
kama abebaye mtoto wa watu,
akaliweka ndani ya sauna, benchi la juu,
palipo pangu.

"Moto kidogo tu," anasema. "Likauke hadi asubuhi."
Nami nimesimama mlangoni, taulo begani.
Ni Jumamosi. Kuopio nzima inatoka jasho,
mimi nanusa rangi.

Alilipata kasha shule ya kata ilipofungwa,
limefifia, rangi ya meno ya mvuta kiko.
Oktoba alilipasua ubavu kwa grenda,
cheche zikaruka hadi kwenye kapu la viazi.
Novemba ilikuwa tupa, kila jioni tupa,
krwii, krwii, kingo hadi kingo,
paka akahama, akaenda kuishi kwa Hilkka.
Desemba aliipasua plastiki ya dirisha,
ile aliyoiagiza na kuingoja wiki tatu.
Akakaa nayo mezani, kipande huku, kipande huku.
Sikumwambia pole. La kuvunda halina ubani.
Nilimwekea kahawa.

Ubao mama uko sebuleni juu ya gazeti, uchi,
na feni zake tatu zimejipanga kando
kama wasimamizi wa harusi
ambao fundi cherehani amewachelewesha.
Nalipita jambo hilo kila siku nikienda kufungua pazia.

Nilimwuliza mara moja:
Kompyuta ya nini, Ilmo?
Barua zako mbili kwa mwaka,
na kutazama hali ya hewa iliyopo hapo dirishani?
Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Si ya kufanya kitu," akasema. "Ni ya kufanywa."
Jibu hilo nimelitafuna siku nyingi, halijalainika.

Lakini mimi nani nicheke?
Droo ya chini ina glavu za sufu jozi thelathini na moja,
na nyumba hii ina mikono minne.

Usiku nikaenda kuchungulia.
Niliwasha taa ya sauna, kasha likanigeukia uso,
kijani cha msonobari, linameta,
na usoni matundu ya kupumulia feni,
madogo, ya keekee, moja moja kwa mkono.
Nilianza kuyahesabu, nikafika mia mbili, nikaacha,
maana nilikuwa nimekwisha kuyajua.

Nyota ya ncha nane. Yangu.
Karatasi ile ya miraba iliyopotea tangu majira ya majani kuanguka,
ambayo nilimtuhumu Hilkka, na Hilkka akanuna mwezi mzima.
Kila mraba mweusi, tundu.
Kila mraba mweupe, chuma.
Na pale safu ya tisa, upande wa kushoto,
tundu moja limetoka nje ya nyota
kama mtoto aliyetoka kwenye foleni.

Hilo ni kosa langu.
Nililichora msimu ule mama alipokuwa hospitali,
nafuma kwenye korido, macho mlangoni,
na tangu hapo nimelifuma katika kila jozi
kwa sababu karatasi ndivyo ilivyosema.

Je, alijua ni kosa?
Ana jicho la kuona skrubu chini ya theluji.
Au alifuata tu alichokikuta, tundu kwa tundu,
mtiifu kama mimi?

Nikanyoosha mkono, nikaligusa lile moja.
Rangi ilikuwa bado mbichi.
Sasa alama ya dole gumba langu iko pale, mistari yote,
pembeni ya safu ya tisa.
Kesho atachukua msasa.
Au hatachukua.

Nikazima taa,
nikaenda kuoga kwa beseni.