Vijiti

Mama ana daftari lake la madeni,
jalada jekundu, limelowa mafuta ya bagia.
Hakusoma zaidi ya darasa la pili
ila hesabu yake haina mchezo:
jina, kisha vijiti.
Fundi cherehani, vijiti vinne.
Mke wa Sekiete, saba na kiapo.
Akilipwa anakata mstari: "Haya, tumepumua."

Na mimi nina langu.
Linalala chini ya godoro pamoja na chupa ya maji
niliyoitoboa kitako kwa msumari wa moto,
pampu iingie huku, mdomo wangu ukae kule.
Nesi wa Bombo alinionyesha:
tikisa, toa pumzi yote, bonyeza, vuta polepole
kama unayenusa pilau la jirani,
shikilia, hesabu hadi kumi.
Ya kahawia asubuhi na jioni, hata ukiwa mzima.
Ya buluu ukibanwa.
"Na uandike," akasema, "kifua hakina kumbukumbu."

Naandika. Kijiti kimoja kwa kila bonyezo la buluu.

Shuleni hawajui. Naingia nayo chooni,
nikitoka nageuza kikohozi kuwa kicheko.
Bi Mwanahawa wa mlango wa pili anasema
pampu ukiizoea ndiyo basi tena,
eti kuna kijana kule Pongwe ilimla moyo.
Naitikia, "Ndiyo, Bi,"
kwa pumzi niliyokopa kwenye pampu hiyohiyo.

Lakini kuandika kuna ubaya wake:
ukiandika, utasoma.
Rajabu nzima, vijiti vitano.
Shaabani sita, na mafua humohumo.
Ramadhani, mwezi wa bagia na kaimati,
wa majiko mawili na mkaa mbichi unaofuka
moja kwa moja hadi dirishani kwetu,
arobaini na kimoja.

Nikafunga daftari kama niliyefumania.
Maana mkaa huo ndio ada yangu.
Ndio sare. Ndio hiyo ya kahawia yenyewe
inapokosekana Bombo tukainunua dukani, barabara ya kumi na mbili.
Utamwambiaje mtu
kwamba mkono unaokulisha ndio unaokukaba?

Sikumwambia.

Alilikuta siku ya kuanika magodoro,
Idi imebakiza siku mbili.
Narudi na ndoo kutoka bombani, nikamwona kizingitini,
daftari pajani, kidole kinatembea.
"Ra-ma-dha-ni," akasoma, kwa sauti ya darasa la pili.
Kisha vijiti. Vijiti anavijua.

"Semeni, nani anakudai vyote hivi?"

Kifua kikabana, na safari hii haikuwa pumu.
"Hakuna anayenidai, Mama. Ni pampu."
Akahesabu upya, midomo ikicheza.
Akatazama majiko. Akatazama dirisha.
Hakusema neno, akaenda kuloweka kunde.

Alfajiri nikasikia karai likiburutwa.
Majiko yamehamia ng'ambo ya uwanja,
nyuma ya banda la kuku,
upande ambao moshi unakwenda zake relini
na wapita njia hawakuoni.
Jioni ile sinia lilibaki nusu.
Tukazila wenyewe, zimepoa, kwa chatini.
"Watanitafuta," akasema. "Mwenye njaa ana pua."
Nikacheka hadi kicheko kikaingia kikohozi,
naye akaacha kutafuna, akanisikiliza
hadi kikaisha chenyewe.

Leo ni Shawali, kumi na nne.
Vijiti vitatu.
Kimoja cha vumbi la saruji.
Kimoja sijui.
Kimoja nilikipata kwenye netiboli, robo ya tatu,
nikaitoa pampu mbele ya darasa zima,
nikatikisa, nikavuta, nikahesabu kumi
mpira ukinisubiri mikononi mwa Kilua.

Usiku Mama hufungua daftari langu
kabla hajafungua lake.
Kila kijiti anauliza ni cha nani.