Kimo cha Kidole

Nilikwenda Changamwe na pesa za likizo mfukoni,
nimeshaamua: nataka kalamu kubwa,
nene, nyeusi, ya mpingo,
kama ile anayoishika meneja wetu pale Kilindini
akitia sahihi makontena yasiyo yake.
Kubwa. Ionekane.
Kwani dadangu amefanywa mweka hazina:
wanawake thalathini na wawili wa Majengo
wamempa yeye kisanduku, na ufunguo, na daftari.

Fundi Musembi hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Alipangusa vumbi la mbao kwenye kope, akasema,
"Huyo mama, vidole vyake vikoje?"

Nikanyamaza.
Miaka arubaini navila vidole hivyo,
navila katika mahamri, katika mbaazi za nazi,
na sikuweza kuvieleza.
Nikasema, vifupi.
Cha shahada kimepinda, kiliungua mafuta
mwaka nilipofanya mtihani wa darasa la nane.
Nikasema, hushika kalamu karibu na ncha,
kama ashikaye sindano.
Nikasema, na hili sikuwa nimelifikiri kabla,
mwandiko wake ni mdogo mno.

Maana karatasi ilikuwa ghali.
Madeni ya mtaa mzima aliyaandika
ndani ya pakiti za unga alizozipasua zikalala wazi,
herufi zimebanana kama sisimizi kwenye sukari:
Mama Riziki, manne.
Fundi baiskeli, sita, na chai.
Yule wa nyuma ya msikiti, mawili; mgonjwa, usimdai.
Na kalamu yenyewe ilikuwa utumbo wa kalamu,
mrija wa wino usio na ganda,
ameuzungushia uzi wa cherehani usimteleze.

Nikakumbuka benki, Barabara ya Digo,
kalamu yao imefungwa kamba kama mbuzi wa Idi.
Nilimwona akiinama kuifuata,
dadangu, ambaye hainami kwa mtu,
kwa kuwa kamba haikufika alipokuwa amesimama.

Fundi akausogeza mpingo wangu kando.
"Hii ni ya mezani. Ikae, itazamwe."
Akavuta droo, akatoa nyingine,
fupi, kimo cha kidole cha kati,
kiini cha mkwaju, rangi ya zambarau iliyoiva ikasahaulika,
pete moja ya shaba kiunoni,
kifuniko kikizunguka mara moja na nusu, kikatulia.

Nikaogopa. Watasema nimebania.
Nikauliza bei: ikawa zaidi ya ile kubwa!
Musembi akacheka mpaka mashine ikacheka naye.
"Kidogo ndicho kigumu kukereza, bwana.
Mti mnene husamehe mkono."

Akanipa karatasi. "Ijaribu. Andika jina lake."
Nikaandika, Dada.
"Hilo si jina."
Kweli. Barua za shule, fomu za hospitali,
zote yeye ndiye aliyeniandika mimi.
Nikaanza pole pole, kama mtoto wa chuoni,
Mwanakombo,
na ile nibu ikapita kwenye karatasi bila kukwaruza,
nyembamba, yenye adabu, haikupiga kelele.

Hakusema ni nzuri.
Aliipima kiganjani, akaifunga pindoni mwa leso
pamoja na noti zake, akatembea hadi mlangoni na kurudi.
Fundo halikulegea.
Akalifungua. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi,
akafunua daftari ukurasa wa mwisho, ule usio wa chama,
nami nikachungulia juu ya bega:

Famau. Mahamri mawili kila asubuhi, tangu darasa la kwanza.

Akapuliza wino ukauke.
Akaongeza, kwa herufi ndogo zaidi,
usimdai.

Kisha akaniuliza kama nimekula.