Saba Yenye Kistari

Daftari lake hunifikia likinuka dizeli,
kurasa zimevimba kama mkate uliomwagikiwa chai.
Nalifungua mezani kwangu hapa Betio, bandarini Tarawa,
chini ya feni inayozunguka umeme ukijisikia,
na kazi yangu ni kuhamisha tarakimu
kutoka mkono wake kwenda kompyuta.
Mimi sijui bahari. Natapika hata kwenye kivuko.
Lakini naijua saba ya Nei Teretia,
ile anayoikata kiunoni kwa kistari
isije ikadhaniwa moja.
Kati ya moja na saba, husema, wamepotea papa sita.

Siku arobaini na tatu, mwanamke peke yake
kati ya wanaume ishirini na tisa,
kwenye meli ya chuma ndefu kuliko kanisa letu.
Kabla ya macheo wavu unashuka,
unalizingira kundi, unakazwa chini kama mdomo wa gunia,
na maji yaliyomo ndani yanaanza kuchemka.
Yeye yuko kando ya winchi, rula ya alumini kwapani,
penseli ikining'inia shingoni kwa uzi wa kuvulia.
Anapima jodari toka pua hadi panda ya mkia.
Wengine hawafiki kiwiko chake: anaandika.
Kasa mmoja, hai, karudishwa majini: anaandika.
Chelezo cha nailoni
kilichoapiwa kuwa cha kamba ya katani:
anaandika, anapiga picha, anaandika tena.

Ukurasa wa thelathini na moja mwandiko unageuka.
Si mawimbi. Mwandiko wa mawimbi naufahamu,
hulala upande mmoja kama mikadi ya ufukweni.
Huu umesimama wima, umebanwa,
kama mtu aliyezuia pumzi.
*Papa potwe mmoja, mita sita, ndani ya wavu.
Wavu ulitupwa akiwa anaonekana.*
Kisha pembeni, nje ya visanduku vya fomu:
*Nahodha ameniuliza nina watoto wangapi.*

Basi.
Mstari unaofuata ni hali ya hewa.

Nilikaa na sentensi ile mpaka chai ikaota ngozi.
Fomu ina safu ya ndege, ina safu ya kasa,
ina safu ya mafuta yaliyomwagwa usiku.
Hii niiweke wapi?
Na mimi ni nani wa kukasirika? Leseni za meli hizo hizo
ndizo zilizoezeka shule ya mwanangu,
ndizo zinazolipa feni, kiti, na mimi niliye juu ya kiti.
Macho hayana pazia. Mkono unalo,
na wangu ulikuwa umeshaanza kulivuta.

Ioteba, mkuu wangu, akasomea begani kwangu.
Hakusema kitu. Akaenda kabatini,
akatoa daftari la zamani, mwandiko wa kijana,
akalifungua mahali linapokatikia:
tarehe imeandikwa, saa imeandikwa,
halafu weupe hadi jalada.
Akaliweka kando ya lile la Teretia.
Jioni ile tuliongeza safu. Hakuna aliyetuagiza.
Tuliiita *Yaliyosemwa*,
na jambo la kwanza kuingia humo lilikuwa swali la nahodha,
pamoja na saa yake, na jina la meli.

Ijumaa akashuka, akitembea kama ardhi inamteleza,
akala maandazi mawili amesimama,
akaomba penseli mpya. Laini, akasema,
ngumu hutoboa karatasi ikilowa.
Nikashindwa kujizuia. Ulimjibu nini?
Ana mtoto mmoja; namjua, anasoma na wangu.

"Saba," akasema.
Akainua kidole, akaiandika hewani,
akaikata kiunoni polepole,
kama alivyoikata mbele ya pua ya yule bwana,
asije akasikia moja.