Hamsini Zangu

Kwa Gwakisa, pale Mwanjelwa, kati ya chaja na kava za simu,
lenzi tatu zimelala juu ya taulo la kijani.
"Hii inavuta," anasema. "Unakaa ulipo, harusi inakufuata yenyewe."
Ananizungushia pete. Inakwaruza
kama mchanga kwenye ugali.
Laki tano na nusu.

Mimi nina laki mbili na themanini.
Nyingine ni ya picha za pasipoti, kitambaa cha bluu,
"inua kidevu, usicheke," elfu tatu kwa nne;
nyingine ni gunia la viazi la shangazi Tumwitike,
ambaye hakuuliza ni la nini.

Zimebaki mbili zisizovuta.
Thelathini na tano. Hamsini.
Zote zina jicho pana, moja nukta nane,
jicho la paka jikoni usiku.
Thelathini na tano ni laki nne, na hapunguzi hata mia.
Hamsini ni ya plastiki, nyepesi kama kikombe cha chai ya msibani:
laki mbili na nusu.

Sikununua siku hiyo.
Nilirudi steshenari, nikaichukua lenzi iliyokuja na kamera,
nikaifunga pete yake kwa plasta ya kidonda, penye hamsini,
nikaishi hivyo siku tisa.
Nilijifunza kurudi nyuma.
Soweto nilirudi nyuma nikamkanyaga muuza ndizi.
Kanisani Uyole nilirudi nyuma hadi ndani ya kwaya,
sauti ya pili ikapotea njia.
Picha saba katika kumi zilikata vichwa.
Lakini siku ya nane sikuinua kamera kabla ya kuhesabu hatua.
Miguu ilikuwa imeanza kuona.

Siku ya kumi nikamulika tochi ya simu ndani ya kioo.
"Ukungu wa Loleza," nilimwambia Gwakisa, "saa nne unaondoka.
Ukungu wa humu unazaa."
Akacheka. Hamkuwa na kitu, chembe mbili tatu tu za vumbi.
"Hilo la Tunduma," akasema, "nakupa bure."
Tukaachana kwenye laki mbili na thelathini.

Fundi redio wa meza ya pili akanyoosha shingo:
"Dada, umenunua isiyovuta? Watakucheka."
Nikamwambia ashike hamsini zake.
Mimi nimeshika zangu.

Jioni, Igawilo, jikoni kwa shangazi.
Rasharasha juu ya bati, moshi, taa moja ya sola iliyochoka.
Anachochea kande.
Namtaka yeye, na chungu, na mafiga, na paka,
na kitenge kinachokaukia juu ya moto.
Narudi nyuma hatua moja. Ukuta.
Lenzi inanipa pua na mwiko, basi.
Nikaanza kuhesabu: ningengoja, ningeongeza laki na sabini,
gunia jingine, videvu vingine hamsini na kitu,
ningekuwa na ile ya thelathini na tano,
chungu kingeingia, paka angeingia...

"Unanung'unika nini? Mlango uko kushoto kwako."

Nikatoka kinyumenyume.
Mvua ikaniingia kwenye kola,
kamera nimeifunika kwa khanga, kioo tu ndicho kinachochungulia.
Hatua ya tatu, ya nne, kwenye matope ya bustani ya mboga,
na miimo ya mlango, myeusi kwa masizi,
ikamshika pande zote mbili.
Paka hakuingia. Kitenge kimeingia nusu.
Katikati, mtu mmoja anaonja kande kwenye kiganja
bila kujali kama namwona.
Nikalifungua jicho lote.
Moshi nyuma yake ukalainika ukawa kama maziwa,
na kila mkunjo wa kile kiganja ukabaki wazi.

Hakuinua kidevu.
"Sasa ingia ufunge," alisema, "baridi inakula moto wangu."