Miwani ya Neodimi

Drahomíra anapima unga wa erbi,
waridi hafifu, kama fizi za mtoto.
Nusu gramu. Hapana. Punguza. Robo.
Theluji ya Železný Brod imeziba dirisha la chini,
tanuri linanguruma, digrii elfu moja na mia nne,
mchanga umesahau kwamba ulikuwa mchanga.

Kioo, huwaambia wanafunzi, ni umati usiopanga foleni,
umeshikana mikono ovyo, ukaganda ukiwa bado unageuka.
Humo ndani mtie mgeni, mpe nafasi,
atawaka.
Watie wengi, watatafutana, watakaa vikundi,
watapokezana nuru yao kwa kunong'ona
hadi iishe, na nje usione kitu.
Februari alizidisha. Kilitoka kioo kizuri,
waridi iliyokolea,
kimezimika kama jiwe la mtoni.

Baba yake, Vlastimil, alipuliza mirija ya maabara
miaka thelathini na tisa, na miwani ya neodimi usoni.
Miwani ile huufuta mwali wa manjano:
moto hutoweka, kikabaki kioo na kosa lake.
"Moto hauna habari," alikuwa akisema. "Tazama unachochoma."

Sasa yuko nyumba ya wazee, chumba cha sita,
humwita bintiye kwa jina la dada aliyekufa.
Jumapili alimpelekea bilauri.
Dirishani, zambarau. Chini ya taa ya tyubu, buluu.
Mzee akaizungusha, akacheka: zambarau, buluu, zambarau.
Kisha akaigonga kwa ukucha, akatega sikio.
"Hii imepozwa haraka."

Ni kweli. Tanuri la kupozea lilizimika usiku ule.
Drahomíra hakuwa amemwambia mtu.

Mara ngapi amechora ubaoni, kwa chaki,
elektroni zile za ndani zilizofunikwa na wenzake,
vurugu za kioo zikizifikia kwa mbali tu,
ndiyo maana nuru yake hutoka nyembamba, ileile,
popote utakapoiweka.
Mara ngapi, na hakuwahi kunyamaza katikati ya sentensi.

Saa tisa usiku kipande cha robo gramu kimepoa, polepole, kwa haki.
Anakielekezea leza ambayo jicho haliioni.
Ndani, uzi wa kijani.
Anaivaa miwani ya baba, mkono wake mmoja umefungwa kwa katani.
Kijani kinafifia kidogo.
Hakiondoki.