Utenzi wa Friji la Bi Raya

Kaeni niwaambie,
cheko msilizuie
na chozi mliachie:
vyote ninavyo pamoja.

Ni Raya wa Mtemani,
hapa Wete, kilimani,
mjane, peke nyumbani,
mwaka wa tano waanza.

Mume wangu wa awali,
Khatibu, mtu wa kweli,
karani wa serikali;
akikoroma, ni ngoma.

Alipokwenda Khatibu,
eda niliihesabu
siku kwa siku, kwa tabu,
hata ikamalizika.

Kanzu zake niligawa,
kofia zikatwaliwa,
saa mwanawe kapewa;
makubadhi nikaacha.

Yakakaa mlangoni,
pua zatazama ndani,
kama yumo msalani
na punde atayavaa.

Ndipo friji likanuna:
barafu mote hamna,
maziwa yakagandana
na samaki wakaoza.

Nikamwita Fundi Faki,
mgane, tena hacheki,
miwani kafunga spoki
mkono ulovunjika.

Akafungua kwa nyuma,
akakaza, akapima,
friji nalo likavuma;
chai nikamtengea.

Kumbe nimetia chumvi!
Naye mzee wa mvi
akanywa tu vivi hivi,
na nyingine akataka.

Akaondoka; nyumbani
kukapwaya; na moyoni
kukaniwasha, sioni
pa mkono kujikuna.

Kesho yake, la aibu,
friji nikalikaribu,
nikang'oa, bila tabu,
fyuzi yake nikaficha

kwenye kopo la sukari,
chini kabisa, kwa siri,
nikapiga, kwa hadhari:
"Fundi, limekufa tena!"

Likafa mara ya pili,
ya tatu, ya nne, kweli;
jirani Time, mkali,
dirishani akasema:

"Friji lako, ewe Raya,
linaugua vibaya!
Jana, juzi, leo haya,
lafaa sasa kulazwa!"

Siku ya mvua ya mwaka
umeme ukakatika,
Faki, gizani, haraka,
makubadhi akavaa.

Ya Khatibu! Mtaani
wakatoka milangoni,
macho yote miguuni,
chapachapa akipita.

Mwanangu alo Unguja
akapiga mara moja:
"Mama, ninataka hoja:
makubadhi yatembea?"

Usiku nilipofunga,
nyayo mbili za mchanga
chini pale zajipanga;
nikakaa nikalia.

Nikamwambia: "Khatibu,
nipe japo neno, jibu."
Hakusema. Kwa ajabu
nilitaka ile ngoma.

Asubuhi, Faki: hodi!
Kuchechemea kazidi,
kidole kina shahidi:
lengelenge la kufura.

Gazetini kayatia,
rangi kayasugulia;
akasema, katulia:
"Ya mwenyewe. Yanibana.

Siwezi kuyaenea,
wala sitaki, pokea.
Siku nitayorejea
yangu ndiyo nitavaa."

Sukari, yeye, koponi
akachota, na mezani
zikaanguka, jamani,
fyuzi nne, moja moja.

Faki yule asocheka
akacheka, akacheka,
miwani ikaanguka;
mfukoni akatoa

parafujo za frijini,
sita. "Nawe ulidhani
mwizi ni wewe nyumbani?
Nami nilizifungua."

Ndoa, Mfunguo Pili:
mwanangu alikubali,
sharubati mbalimbali
frijini nikazipanga.

Adhuhuri, likazima!
Fyuzi mle, zote nzima,
parafujo zote wima,
mota yake imekufa.

Nikapiga yowe: "Faki!"
Wageni hawasadiki,
Time hoi, hajishiki:
"Umeshampata, acha!"

Sharubati moto moto
tukanywa kwa lile joto;
Khatibu wetu mtoto
makubadhi kayavaa.

Usiku ulipofika,
taa zilipozimika,
Faki kalala haraka:
naye, kumbe, ana ngoma.