Kilomita ya Arobaini na Moja

Kutoka Korogwe hadi Hale nilikuwa mwanamume.
Baada ya Hale nilikuwa paja,
paja moja, la kushoto,
lililokaza kama kamba ya katani iliyosahauliwa juani.

Upepo ulitoka Tanga kuja kutupokea.
Ulikuja kifua kwa kifua,
ukanikamata mabega kama mdai
aliyechoka kupiga simu.
Mkonge kulia, mkonge kushoto,
mistari imenyooka hadi macho yanachoka,
na kila mmea umeshika visu vyake
kama unaosubiri niangukie upande wake.

Nyuma linatambaa gari la Bi Mwanakombo,
Noah nyeupe, mlango wazi.
Mwalimu Mbaruku keshavua viatu humo ndani,
anakula chungwa,
ananipungia ganda.
"Panda, Mdoe. Nani atajua?"

Atajua Shekalaghe wa buchani.
Aliandika kwa kalamu ileile ya bei ya maini:
shilingi mia tano kila kilomita,
na chini yake, kwa herufi kubwa,
UKIPANDA GARI NAKATA.
Basi nikawa nahesabu fedha, si njia:
thelathini na sita, elfu kumi na nane;
thelathini na saba, kumi na nane na mia tano.
Mashine moja ya joto ya watoto njiti
ni milioni ngapi,
ni Korogwe kwenda na kurudi mara ngapi,
hesabu hiyo niliiacha.
Ilikuwa na mlima ndani yake.

Sitasema nilikuwa namkumbuka mwanangu.
Watu hupenda niseme hivyo;
hata kwenye fomu palikuwa na nafasi: Sababu ya kushiriki.
Ukweli, nilikumbuka soda.
Nilikumbuka makalio yangu, Mungu anisamehe,
na yule aliyebuni kiti hiki, chembamba kama shutuma.
Mwanangu alikuja baadaye, bila kuitwa,
gramu mia tisa,
akipumua kwa juhudi ya mtu anayepanda kilima
ambacho sisi wengine hatukioni.
Siku nne alikipanda.
Hakuna gari lililomfuata nyuma.

Kilomita ya arobaini na moja, nikashuka.
Sikushuka kupumzika. Nilishuka kama gunia linavyoshuka.
Ndipo akanipita, kisha akasimama, kijana wa mkaa:
magunia matatu, baiskeli ya chuma isiyojua gia,
kandambili moja ya bluu, moja nyekundu.
"Mnakwenda wapi na nguo za kubana?"
Tanga.
"Kuuza nini?"
Nikamweleza: njiti, mashine, mia tano kila kilomita.
Akacheka hadi akakohoa vumbi jeusi.
"Kila kilomita? Mia tano?
Mimi si ningeshajenga ghorofa!"
Kisha akasema, "Hebu nishikie,"
akaingia mkongeni kujisaidia.

Nikaishika.
Nusura inilaze barabarani.
Ilikuwa hai ile baiskeli, ilitaka chini
kama ng'ombe anavyotaka maji,
na mimi, miaka hamsini na moja, kofia ya plastiki kichwani,
niliikumbatia mkaa ukinichora mashavu
na paja likaacha kulia. Lilipata kazi.

Aliporudi alijipangusa mikono kwenye suruali,
akaupokea mzigo wake kwa ubavu.
Nilingoja neno.
Sura yangu nadhani iliomba neno.
Akatazama gurudumu langu, akasema,
"Breki yako ya nyuma inagusa."

Ilikuwa inagusa.
Tangu Hale, pengine tangu Korogwe,
nilikuwa naiburuta Tanga nzima
kwa kipande cha mpira kisichozidi kidole.

Nikalegeza skrubu kwa sarafu ya mia mbili.
Upepo haukuondoka. Paja nalo lilirudi na madai yake.
Muheza tuliifikia saa tisa, jua likiwa bado na hasira,
na Mbaruku, viatu mkononi,
akaniuliza nani kanipaka masizi.

Lakini hapo mkongeni, kabla ya Muheza,
kijana alikuwa mbele yangu, kandambili mbili za rangi mbili,
bluu, nyekundu, bluu,
nami nikizifuata bila kuzifikia:
arobaini na mbili,
elfu ishirini na moja.